Zamu ya Nani

Ijumaa, mwezi wa saba, Mabela.
Joto limekaa mlangoni kama mdai
na laptopu yangu imegoma kuamka.
Skrini nyeusi, mstari mmoja wa Kizungu, mkavu:
hakuna sehemu kama hiyo.

Hakuna? Jana ilikuwepo.
Jana nilifunga kifuniko nikalala,
Windows ikabaki macho, ikajisasisha yenyewe,
ikajimegea kipande cha diski ubavuni,
ikahesabu vyumba upya,
cha tano kikawa cha sita,
na bawabu hakuambiwa.
Sasa bawabu kasimama na karatasi yake ya zamani,
anagonga ukuta mtupu, anaapa nyumba haipo.

Upande wa Windows ni wa mwajiri:
ankara za mabomba, Kiarabu, kulia kwenda kushoto.
Ule unafunguka, ukishika F12 na kuubembeleza.
Ni upande wa pili, Linux,
alioniwekea Azzan kabla hajahamia Sohar,
ndimo lilimo daftari la upatu.

Wanawake kumi na wawili, riali hamsini hamsini,
toka Khoud mpaka Barka.
Na leo ndiyo siku ya kutoa.
Riali mia sita zimo ndani ya bati la halwa juu ya friji,
zimefungwa mpira.
Jina la mwenyewe limo gizani.

Simu zimeanza hata adhana bado.
Ghaniya: "Mwezi huu wangu, mwenzangu, nina harusi."
Thuwaiba: "Wangu. Nilibadilishana na Zamzam, hukumbuki?"
Zamzam: "Mie? Sijabadilishana na mtu."
Nawaambia mashine mbovu,
na kila mmoja anacheka kile kicheko
cha mtu aliyewahi kuliwa na mshika fedha.

Nampigia Azzan. Anapiga miayo.
"Shangazi, hakijapotea kitu. Usimpelekee fundi wa Ruwi,
atakufutia yote, akutoze na riali kumi.
Andika l, andika s. Itakutajia vyumba.
Kisha piga hodi, kimoja kimoja."

Nikapiga hodi.
Cha kwanza: hakijulikani.
Cha pili: hakijulikani.
Cha tatu vivyo hivyo, cha nne,
na cha tano, kile cha kumegwa, nacho kimya.
Cha sita
majina yakamwagika
kama mchele gunia likichanika.

Basi nikamfundisha bawabu njia.
Mabano, koma, mkwaju;
ukikosa herufi moja anakujibu kwa dharau.
Nilikosa mara nne. Kiyoyozi kinanguruma, vidole vinatoka jasho.
Mara ya tano ikawaka.

"Hiyo ya leo tu," Azzan akasema. "Ukizima, kasahau.
Mwandikie upya moja kwa moja, na urekebishe foleni."
Kumbe mashine nayo ina zamu zake,
orodha ya nani aamke kwanza,
na Windows ilikuwa imejiweka juu,
bila kikao, bila kumuuliza mtu.
Nikaishusha ya pili.
Nilifurahi kupita kiasi, nakiri.

Daftari. Mwezi wa saba. Shinuna.

Shinuna hakupiga simu.
Yuko Nizwa wiki ya tatu, anamuuguza mama yake,
analala kwenye kiti cha plastiki.
Nikamwambia. Akanyamaza, nikasikia kitoroli cha dawa kinapita.
"Ni mimi? Nilikuwa najua. Niliona haya kuuliza."

Usiku nimeiandika orodha kwa kalamu,
nikaibandika kwenye friji, karibu na ratiba ya sala.
Ghaniya ni wa mwezi wa tisa. Hajanijibu bado.
Kisha nikazima, nikawasha, kwa kujaribu tu.
Bawabu akatokea na pande zake mbili,
akanipa sekunde kumi za kuchagua.
Sikugusa kitu.
Nikaenda jikoni kuteremsha chai,
niliporudi alikuwa keshafungua
kule kwenye daftari.