Namba ya Siri

Kibanda changu hapa Kitangari kina dirisha moja la bati
na dirisha hilo lina masikio makubwa kuliko yangu.
Mnada wa pili umelipa. Tangu asubuhi wanafika,
mikono inanuka salfa, simu zimefungwa kwa raba,
na kabla ya salamu wananisukumia simu:
"Andika mwenyewe, mwanangu. Moja, tisa, tano, nane."

Hivyo ndivyo nilivyoujua umri wa Mzee Nandonde.
Hivyo ndivyo nilivyoujua mwaka alioachika Zainabu Mtipa,
na kwamba mwalimu Chitanda, asiye na mke,
hutumia namba moja na mke wa muuza vitenge.
Ningekuwa mwizi, ningekuwa na ghorofa Masasi.
Sina. Nina madeni. Nitafika huko.

Jumanne alikuja Bi Somoe na kitochi chake,
ujumbe umewaka: umepokea laki nne na nusu.
Na mtu yuko hewani analia, amekosea namba,
ana mgonjwa, mama nirudishie, mama fanya haraka.
Bi Somoe ana huruma. "Mtumie," ananiambia, "mtoto wa watu."

Nikamwuliza: juzi ghalani uligombana na nani?
"Na yule wa mizani. Alitaka kunila nusu kilo."
Ulijuaje?
"Nilipanda mimi kwanza! Uzito wangu naujua."
Basi panda na hapa, nikamwambia. Tusome salio.
Salio lilikuwa elfu sita na mia mbili,
vilevile lilivyolala.
Ujumbe ni mdomo tu, mama. Salio ndilo ghala.

Yule mtu akaacha kulia ghafla,
akatutukana tusi zito, akakata.
Bi Somoe alicheka hadi akakalia ndoo.
Mimi sikucheka sana.

Mwezi wa sita, mikorosho haijatoa maua,
nilikopa elfu hamsini kwa kubonyeza mara mbili.
Masharti yaliandikwa kwa herufi kama mayai ya chawa,
nami nikasema nakubali, nakubali.
Siku ya nane wakamwandikia shemeji, wakamwandikia imamu,
na fundi cherehani, na kila jina nililolihifadhi:
huyu ni tapeli, mwambieni alipe.
Huku kwetu kangomba tunamjua. Huja msimu wa njaa
na bakuli lenye tumbo, analiita kilo,
akaondoka na korosho zikiwa bado maua.
Tulimfukuza barabarani. Kahamia mfukoni.

"Sasa nifundishe kuificha," akasema Bi Somoe.
Usiweke mwaka wa kuzaliwa. Wala wa marehemu.
Weka kitu ambacho hata mimi sikijui.
Akatazama juu, midomo ikihesabu,
mikorosho ya bondeni labda,
labda ndoo za maji za mwaka ule wa kiu.
Akataka kusema. Nikaweka kidole mdomoni.

Kisha nikafanya kazi isiyo na kamisheni:
nikageuka.
Nikatazama ukuta, kalenda ya mwaka juzi,
mjusi, msumari,
nikisikia vidole vyake vikitafuta taratibu
kama vinabangua.
Kimoja.
Cha pili.
Cha tatu, pakawa kimya kirefu,
foleni nje ikaanza kunung'unika.
Cha nne.

"Geuka," akasema, kama mtu aliyemaliza kuvaa.

Aliyefuata akainamia dirisha:
"Moja, tisa, sita..."
Nikakohoa kwa nguvu zangu zote.