Mchemraba Namba Tisa

Dundee, wiki ya nne. Tunautoa majini
mchemraba wangu wa zege, kijivu, baridi kama kisigino.
Siku ishirini na nane umelala tangini
nami bwenini, tukihesabiana.

Bi Elspeth wa maabara anafunga kijilango cha mashine.
Mshale unapanda: kumi, kumi na tano, kumi na tisa,
pa!
Tulitaka thelathini.

“Nani alizidisha maji?”
Haulizi kwa ukali. Anafagia vipande, anangoja.

Kikombe kimoja tu. Koleo lilikuwa halisogei
na Callum alikuwa anawahi basi.

Nje, katika mto Tay, visiki vya daraja lililoanguka
vimepanga foleni kando ya daraja jipya.
Treni inapita, haviitazami.

Nalikumbuka kalvati letu kule Mombo:
saruji yake iliota miguu,
mvua moja ikalibeba,
na mwalimu Shemdoe mpaka leo
anazunguka kilomita sita na baiskeli yake begani.

Kikombe kimoja.
Mfuko mmoja.

Nanyoosha mkono.
Bi Elspeth anaandika kumi na tisa, kwa wino,
kisha ananipa ufagio.