Kitenzi cha Wilf Greenwood

Huku Todmorden, bondeni, mvua ikiwa bado haijaamua,
pua ya Wilf inakimbia.
Yeye mwenyewe amekaa.

Ndivyo wasemavyo wenyeji, wala hawacheki.
Kwetu kamasi hutoka, mtu akapenga, yakaisha.
Kwao pua ina miguu.

Basi la Halifax hukimbia kila nusu saa,
hukimbia hata likiwa limesimama kituoni
na dereva anamenya chungwa.
Ukuta wa mawe unakimbia kutoka lango la kina Crabtree
hadi mgongoni mwa kilima, na jiwe hata moja
halijasogea tangu babu yake Wilf alipoupanga.
Nyuma ya nyumba kuna kizimba cha waya,
hatua sita kwa nne, kuku watatu ndani,
na kizimba hicho, niamini, jina lake ni Mbio.

Noreen, mkewe, alikimbiza duka la nyuzi za sufu
miaka thelathini na mmoja, asiinuke sana kitini.
(Sisi tungesema aliliendesha, kana kwamba duka lina usukani.
Kila lugha na wazimu wake.)
Gillian, binti yao, anakimbilia udiwani;
picha yake iko kila nguzo, imetulia tuli, inatabasamu.
Juzi alifua fulana ya zamani ya babake pamoja na mashuka,
ule wekundu ukakimbia.
Kwetu rangi huchuja tu. Ya kwao ilitoroka fulanani
ikaenda kulala kitandani kwa watu,
na Noreen akalia kupita mashuka yalivyostahili.

Maana fulana ile ndiyo iliyokuwa mwilini,
namba arobaini na saba, pini nne,
mwaka ule wa ukungu aliposhuka kilima kama aliyesukumwa,
magugu hadi kiunoni, kiatu kimoja kimemezwa na tope,
akaingia wa tatu.
Zawadi: keki ya matunda na taulo.
Noreen alikuwa langoni na saa mkononi, anampigia muda.
Siku hiyo neno lilikuwa na maana moja tu
na lilikuwa linahema.

Kisha mkono ukaanza, wa kushoto.
Daktari akasema, macho kwenye karatasi,
kwamba tetemeko hili hukimbia katika ukoo.
Babake alikuwa nalo. Shangazi Edna pia,
aliyekuwa akimwaga chai na kuisingizia sahani.
Wilf akauliza: mbio za masafa gani?
Daktari hakucheka.
Noreen alicheka baadaye, ndani ya gari,
injini inakimbia, wao hawaendi popote.

Sasa maziwa hukimbia nje kabla ya Ijumaa,
na vidonge, na subira, ambayo angalau hurudi.
Kuna nyakati maneno humkimbia katikati ya sentensi,
na hili, jamani, hata sisi hulisema hivyo hivyo.
Hapa lugha mbili zimekaa benchi moja
na hakuna anayeringa.

Alhamisi Noreen alikuwa jikoni, unga hadi viwiko,
akasikia mabomba yananguruma ukutani.
Ngazi ni kumi na tatu. Hakusikia mtu akipanda.
«Wilf! Unafanya nini huko juu?»
«Nakimbiza.»
«Unakimbiza nini, mtu mzima wewe?»
«Bafu.»

Kwa lugha yetu alikuwa anajaza maji tu,
mzee, ameshika ukingo kwa mkono ulio salama.

Noreen hakupanda.
Alizima redio, akafuta mkono kwenye aproni,
akatazama saa ya ukutani, mdomo umebanwa, kama zamani langoni.

Dakika kumi na moja na nusu.
Hayakufurika.