Wimbo wa Arobaini na Moja

Nilikinunua Kadutu, kwa Murhula muuza chaja,
kidude cha muziki, kidogo kama kiberiti,
cha kijivu, kitufe kimoja kimezama.
Franga elfu kumi na mbili. Nikasema nane.
"Iko na miziki ndani, mama. Mingi."
Nikasema tisa, na hiyo miziki uifute.
Hakufuta. Alisahau, au wateja walimzidi.

Usiku huo Nyamugo nzima ilikuwa giza.
Nikalala nacho, waya masikioni,
upande wa kushoto tu ukisema,
na mtu nisiyemjua akaanza kunichagulia.

Kwanza rumba ya zamani, gitaa likidondoka
kama mvua inayoishia kwenye bati la jirani.
Kisha kwaya ya watoto, ngoma imewameza.
Kisha mwanamume anafundisha Kiingereza,
somo la saba,
somo la saba tena,
la nane halipo.
Kisha rumba ile ile.

Asubuhi Asifiwe, mtoto wa kaka yangu, alicheka mpaka akakaa chini.
Yeye redio yake imo kwenye simu, inatoka mtandaoni,
haina mtangazaji, haina taarifa ya habari,
haisomi majina ya waliofariki.
Inamjua yeye peke yake.
"Shangazi, ukipenda wimbo mmoja
inakuletea ndugu zake wote."
Na ukiuchukia?
"Ukoo mzima haukanyagi tena mlangoni."
Na kama hujui bado unachokipenda?
Hapo megabaiti zake zikaisha.

Changu hakinijui. Hakinijui hata chembe.
Siku ya kukosa ada ya shule kilinipigia harusi.
Siku niliyouza beseni zima la sambaza kabla ya saa nne
kilinirudisha darasani:
mgeni anauliza njia ya kwenda stesheni ya treni.
Bukavu haina treni.
Nikauliza naye, kwa sauti, peke yangu, nikishuka mteremko.

Mwenyewe nilimtambua taratibu,
kama unavyomtambua mpangaji aliyehama
kwa misumari aliyoiacha ukutani.
Alipenda sauti za wanawake waliokwisha kuzeeka.
Wimbo wa kumi na tisa ameuweka mara tatu,
labda kwa kosa,
labda kwa ajili ya mtu.
Hana hata mmoja wa kucheza kwa kasi.
Nilidhani anaumwa mguu. Sijui kwa nini nilidhani hivyo.

Wimbo wa arobaini na moja si wimbo.
Ni dakika mbili na sekunde kumi.
Mlango unafungwa. Sufuria. Maji yanamiminwa.
Mwanamke anahesabu kwa Mashi, polepole,
viazi, au siku, au deni la mtu,
anafika kumi na moja,
anasita,
anaanza upya.
Na karibu kabisa, karibu kuliko yeye,
pumzi ya mtu anayejizuia kucheka.

Nilirudi kwa Murhula. Alikuwa na nani?
Alilala wapi, aliuza kwa shida gani?
"Vinakuja kwa kilo, mama. Kwenye mfuko."
Akanionyesha mfuko.

Asifiwe anasema nimpe, afute vyote,
anijazie vya kunifaa, nusu saa tu.
Nikamtia ule waya sikioni, namba arobaini na moja.
Akasikiliza, kidole kikitafuta pa kuruka mbele.
Halafu kidole kikatulia.
"Ndugu zake wako wapi?" nikamwuliza.
Akasema niirudishe mwanzo.

Futa, nilimwambia, ukipata nafasi.
Ni wiki ya sita sasa, hajapata, nami simkumbushi.
Ila sokoni nina shida:
nikipanga mafungu ya sambaza juu ya turubai,
nikifika kumi na moja, nasita.
Wateja wanaona mama amepotea hesabu,
wanadai nyongeza.
Nawapa.