Pamba na Mate

Wiki ya kwanza nilitoa moshi tu.
Mishumaa ya miaka mia tatu, pumzi za watu, mafuta ya taa,
vyote vimegandia usoni pake kama ukoko chunguni.
Dawa za maabara ninazo, lakini kwa masizi haya
hakuna kishindacho mate:
kijiti, pamba, ncha ya ulimi, kisha mviringo mdogo,
mviringo mdogo,
mpaka pamba igeuke rangi ya chai.

Senhor Belmiro, mshika funguo za kanisa hili la Vale de Zimbro,
husimama nyuma yangu, kofia mkononi.
"Magdalena wetu alikuwa mweusi zaidi," asema,
kwa sauti ya mtu aliyeibiwa kitu asichokijua jina.

Mama yake alimwendea huyu kwa maumivu ya jino.
Shangazi yake, Eufrásia, aliyerudi kutoka Lisboa
na mimba isiyo na mwenyewe,
aliletwa apige magoti papa hapa
amwone mwenziwe.
Ndivyo walivyosema: mwenziwe.
Nywele hadi kiunoni, kope zimevimba, fuvu mapajani.

Katika daftari la parokia, mwaka 1741, nimekuta mstari huu:
*Fundi kalipwa. Mabega kufunikwa. Fuvu moja.*
Fuvu moja! Kama mtu anunuaye kitunguu.

Basi fuvu ni mgeni, na shuka ni mgeni.
Chini ya shuka kuna bega
lililochorwa na mtu aliyemtazama msichana hai kwa muda mrefu,
na bwana aliyelilipia
alitaka kusali na kukodoa kwa pigo moja.

Kisha likaja gari kutoka Évora na mashine ya eksirei.
Chini ya bega, chini ya machozi, ubaoni kabisa,
mwanamke amesimama.
Chupa ya marhamu kwapani, kama mtu aliyesahau kuitua.
Mkono wa kulia juu. Kinywa wazi.
Mbele yake vichwa vya wanaume. Nilivihesabu: kumi na kimoja,
nyuso za watoto walioambiwa habari
wasiyojua waipokee kwa mkono gani.

Halii. Anasema.

Injili ilitaja pepo saba; kitanda haikukitaja.
Kitanda kililetwa na wahubiri,
wakakibeba kwa migongo yao wenyewe.

Tume yauliza kwa barua: turudi hadi wapi?
Nikilitoa fuvu, nimeondoa alichopigiwa magoti na Eufrásia,
na machozi yake hayakuwa ya rangi.
Nikiliacha, nami nimetia kiganja changu
juu ya kinywa kile.
Na kazi hii haina kesho ya kujuta:
kinachotoka kwa pamba hakirudi.

Nimefungua dirisha, upana wa kidole gumba,
kushoto kwa shavu, kwenye msitu wa nywele.
Sasa ana vinywa viwili,
kimoja kimefumbwa.

Jumapili Belmiro alimleta shangazi yake, miaka tisini na mmoja,
kwenye kiti cha magurudumu kilichoazimwa zahanati.
Alitazama hadi mwanga wa dirishani ukahama.
"Huyo mwingine nani?"
"Ni yeye huyo huyo, Dona Eufrásia."
"Anasema nini?"
Nikajibu nilichofundishwa: kwamba kaburi li tupu.
Akakataa kwa kichwa.
"Hapana. Hilo ni jina. Anaita jina la mtu."
Belmiro akageukia mlango.

Akalowesha kidole kwa ulimi,
kama mama afutaye uso wa mtoto kabla ya misa,
akaunyoosha mkono.
Sheria yasema asiguse.
Nikamsogezea taa.