Tazama Pia

Rafu ya chini kabisa, nyuma ya bomba la maji moto,
ndipo lilipo: bahasha ya kaki, utepe mwekundu,
na muhuri nilioupiga mwenyewe, Jumanne, saa nne na robo,
vidole vikinuka wino na mayai ya kuchemsha.
LIMEFUNGWA KWA AMRI YA MAHAKAMA.

Miaka ishirini na sita mimi ni karani wa masjala
katika wilaya hii ya viazi, kaskazini ya Maine,
ambako theluji huja kabla watoto hawajamaliza kuvuna
na huondoka watu wakishachoka hata kuilaani.
Ukutani nje wametia herufi za shaba:
mlango huu u wazi kwa wote.
Ni kweli, u wazi. Ingia, ote moto.
Uliza nani kasogeza uzio, nani kamnyima nani talaka,
nitakutolea nakala, senti hamsini ukurasa.
Ila usiniulize Théodule Ouellette alikufaje.

Sisemi kwamba mashine ya kuvunia ilikuwa imezimwa.
Sisemi kwamba ilijiwasha.
Sisemi kwamba mkono wake ulikuwa ndani,
ukitoa jiwe.
Naruhusiwa kusema: palikuwa na mdai,
palikuwa na mdaiwa,
wakaafikiana.

Wakili wa kampuni alitoka Boston
na viatu visivyojua tope.
Alimsogezea Rosaline kalamu polepole,
kama mtu anayemlisha mgonjwa uji.
Si kwa mdomo, si kwa maandishi,
si kwa ndugu, si kwa jirani, wala kwa kasisi.
Rosaline akauliza, "Na nikiulizwa?"
"Sema suala limekwisha."
Jaji Haskell alitazama saa, kisha dirisha, kisha akatia saini.
Paa la Rosaline likaezekwa upya. Benki ikanyamaza.
Msimlaumu;
mlikuwa wapi yeye akihesabu makopo ya maharage?

Septemba ya pili, Wendell Tardif, jirani yake,
akarudi kutoka mnadani anapiga mluzi.
Kijani ile ile. Meno yale yale.
Akaingia jikoni kwa Rosaline bila kubisha, kama siku zote:
"Ya Théodule ilikuwa kama hii, sivyo?"
"Suala limekwisha," akasema Rosaline.
Akalirudia.
Mara ya tatu kahawa ilimwagikia kisahani,
na Wendell, mtu mwema, akadhani ni majonzi,
akambembeleza bega, akaenda zake.

Kesho yake mashine haikuwaka.
Mikanda imekatwa, nyaya zimeng'olewa.
Akatengeneza. Zikang'olewa tena.
Mara ya tatu theluji ilikuwa imeanguka kidogo,
na nyayo ndogo za mabuti ya mpira
zilitoka uzioni hadi bandani,
zikarudi uzioni.

Ndipo nikafungua jalada jipya:
Tardif dhidi ya Ouellette, uharibifu wa mali.
Kesi ya wazi, ukumbi umejaa,
hata mwuza mbolea alifunga duka.
"Ulikata mikanda?" "Nilikata."
"Kwa nini?"
Benchi la nyuma, vile viatu vya Boston
vilikunjwa kimoja juu ya kingine.
Rosaline aliitazama mikono yake
kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.
Mkataba uliutaja ulimi mara kumi na moja.
Mikono haukuitaja.
"Suala limekwisha," akasema,
na Wendell, aliyekuwa akitafuna kofia yake,
aliacha kutafuna.

Akashindwa Rosaline. Alipe mikanda, nyaya, na gharama.
Jioni nikapanda ngazi na jalada lake,
rafu ya juu, karibu na dirisha,
yeyote afikie.
Lina safu moja nyembamba, ya rejea,
ambayo makarani huiacha tupu.
Nilichonga penseli. Nikakaa.
Bomba la maji moto lilikuwa likigonga huko chini.
Nambari si neno, nikajiambia;
nambari haisimulii.
Nikaandika: *tazama pia*,
na tarakimu mbili.