Makato

Kila tarehe ishirini na sita mimi hukata.
Sina kisu. Nina kalamu nyekundu na safu ya sita,
safu ya matibabu, elfu kumi na nane kwa kila jina,
kuanzia Achola wa lori hadi Wandera wa lango kuu.
Miaka kumi na moja nimekata, mkono haujatetemeka.

Jina la arobaini na tatu ni Oketcho Yokana,
mtu wa tanuri, kope zake za kijivu hata Jumapili.
Vumbi la saruji haliulizi dini wala daraja la mshahara:
huingia, hukaa, huganda.
Mwezi Machi alikohoa hadi akaketi juu ya mizani ya malori,
nasi tukacheka, kwa kuwa mizani ilimsoma:
kilo sitini.
Mwezi Mei ilimsoma arobaini.
Ni mizani ya malori, tulisema, haijui watu.

Kadi yake ilikuwa nzima, picha haijafutika.
Hospitali iliipitisha kwenye mashine, ikairudisha kwa vidole viwili.
"Mfuko wenu una mipaka. Mapafu yako nje ya mpaka."
Niliandika sentensi hiyo nyuma ya risiti
nisije nikadhani niliiota.

Tukaenda ofisi ya kazi ya wilaya, mimi na mkewe Nyafwono,
yeye na bahasha ya eksirei, mimi na tai.
Afisa alikuwa mwungwana, alitupa viti, alitupa maji.
"Mshahara ni wangu," akasema. "Likizo ni yangu.
Mashine ikila kidole, nileteeni hicho kidole.
Lakini hii inanuka bima, na bima ni ya Kampala."

Basi la saa kumi alfajiri. Pale Jinja, darajani,
Nyafwono alifungua bahasha, akaiinua picha dirishani,
akamtazama mumewe kwa ndani, na mto ukipita nyuma yake.

Kampala, ghorofa ya tano, kijana wa miwani:
"Sisi tunasimamia kampuni zinazouza bima.
Mwajiri wenu hajauza kitu.
Ameweka fedha zake, mfuko wake, kwa watu wake.
Hayo ni mambo ya kazi. Rudini wilayani."

"Fedha zake?" Nyafwono aliuliza.
Kijana akanitazama mimi.
Mimi nikatazama lifti.

Wahenga walituonya juu ya fahali wawili wapiganao.
Mimi sikuona vita. Niliona adabu.
Tangulia wewe, mkubwa.
La, tangulia wewe, mwenye eneo.
Wamesimama hivyo, kofia mkononi,
mlangoni pa nyumba inayoungua.

Meneja hakukasirika. Alivuta droo.
"Mfuko ni wetu, kanuni tumeitunga wenyewe. Ukurasa wa tisa."

Ukurasa wa tisa niliupiga chapa mimi,
mwaka ule zilipokuja kompyuta mpya.
Isipokuwa maradhi ya kifua.
Maneno manne. Nakumbuka niliyakagua mara mbili,
herufi kwa herufi, na sikuona kosa.

Oketcho sasa yuko kwake Osukuru,
anavuta pumzi kwa mafungu,
kama mtu anayelipa deni kidogo kidogo.
Nilipokwenda kumwona nilikuta kadi jikoni, imelowa.
Nyafwono huitumia kukwangua ukoko wa sufuria.
"Ni plastiki ngumu," aliniambia, wala hakuwa na uchungu sautini.
"Huku angalau inakubaliwa."
Akanipakulia. Nikala.

Mshahara wa ugonjwa bado unatoka, nusu,
na safu ya sita haijui nusu.
Leo ni tarehe ishirini na sita.
Kalamu ni ile ile, nyekundu.
Nimefika arobaini na mbili.